Chumvi kwenye Jani la Mchu

Nilitoka Mji wa Kale asubuhi, nikapita Ngome ya Yesu na kuambaa na pwani hadi Mama Ngina, ambako wanafunzi walikuwa wametandaza michoro yao ya mikoko chini ya mibuyu. Tangu bustani hii ikarabatiwe mwaka 2019, watu hufurika jioni kula mihogo, kunywa madafu na kutazama meli zikiingia Kilindini. Mikoko yenyewe haioti hapa, maana ufuo ni mwamba unaopigwa na mawimbi. Iko nyuma ya kisiwa cha Mombasa, katika hori za Tudor na Port Reitz, kwenye maji matulivu na tope.

Michoro mingi ilifanana: jua, samaki, miti ya kijani. Mmoja ulinisimamisha. Ulikuwa wa mti wa mchu, aina mojawapo ya mikoko, majani yake yamepakwa gundi na kunyunyiziwa chumvi ya jikoni. Chini, mizizi ya kupumulia ilichomoza topeni kama penseli, na kati yake wamejificha kaa na samaki wachanga. Nikamuuliza mchoraji, chumvi ya nini?

"Ami, mchu hutoa chumvi majanini. Niliuramba kule Tudor."

Ndivyo ulivyo. Mchu hunywa maji ya bahari, kisha chumvi huitolea kwenye majani. Aina iitwayo mkoko hasa nayo huizuia tangu mizizini. Mtoto aliyeonja hilo kwa ulimi wake hachori mti wowote tu.

Mwingine alichora nyumba ya Mji wa Kale, dari wazi, boriti za mikoko zikionekana. Nilifurahi mno. Wazee wetu walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti, na majahazi yalizipeleka Uarabuni hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Siku hizi msitu hulipa ukiwa umesimama: huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni tangu 2013, na pato husaidia maji na shule za kijiji.

Tudor haina bahati hiyo. Mikoko yake hukatwa kuni, na majitaka ya mji humwagikia humo humo. Hilo sikuliona katika mchoro wowote.

Walimu wa Mombasa, Siku ya Mikoko Duniani ni tarehe 26 Julai. Kabla ya kuwagawia watoto karatasi na rangi, wapelekeni Tudor maji yakipwa, wakanyage tope.