Nondo Aliyejificha Kando ya Majani Chai

Ukitoka Litein kwenda Sotik, usitazame majani chai peke yake. Kandokando wakulima wamepanda miparachichi, na adui wao ni nondo wa kahawia, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Si mgeni, asili yake ni Afrika. Usiku jike hutaga mayai juu ya tunda, moja moja. Kiwavi akianguliwa hutoboa ganda na kuingia. Machungwa na mapera pia hayasalimiki.

Tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya humsaka vikali: kiwavi mmoja akionekana, shehena nzima yaweza kukataliwa. Kwa hiyo wakulima hushauriwa kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia nusu mita ardhini. Nawe mgeni, usitupe tunda bovu shambani mwa mwenyeji wako.