Uliza Kabla ya Kushika Koleo

Sigowet, Kericho
Jumapili jioni

Mjukuu wangu mpendwa,

Huku mvua imerudi, majani yanatoka kwa wingi, na kituo cha kununulia chai kinajaa kabla ya saa sita.

Mama yako amenionyesha picha za vipuli unavyotengeneza kwa vifungo vya makoti ya mitumba. Nimezitazama sana. Ile jozi nyeusi yenye waya wa shaba ningeivaa kanisani. Una jicho na una mkono, nami nafurahi kuona kazi hiyo ikikuletea pesa za matumizi. Nimesikia pia kwamba likizo hii unataka kuja kupekua lile sanduku la chuma lililo chini ya kitanda changu. Njoo. Lakini yaliyomo si mitumba. Kila kitu humo kilikuwa cha mtu ninayemjua, kwa hiyo kabla hujashika koleo, uliza.

Utakutana kwanza na senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati. Hizo nakupa. Tazama moja kwa karibu: upande mmoja una taji na jina la mfalme George, upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Ndizo pesa tulizotumia pamoja na Uganda na Tanganyika, mpaka Benki Kuu ya Kenya ilipoanza kutoa pesa zetu wenyewe mwaka 1966. Mama yangu alizitunga kwenye kamba akaifunga kiunoni siku ya soko la Sondu, kwa hiyo mkufu wa senti hautakuwa jambo geni katika ukoo huu. Tundu limo tayari, usitoboe jingine. Wala usizisugue kwa limau na chumvi hata zing'ae. Ule weusi wake umekuja kwa miaka mingi na vidole vingi, na ukishautoa haurudi. Maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo yatatosha.

Vile vifungo vya shaba ni vya koti la babu yako la KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. Hivyo si vyangu kukupa. Koti alirithi baba yako mkubwa, na ukitaka hata kimoja, mwendee yeye, umweleze unataka kukifanyia nini. Akikataa, usinung'unike.

Chini kabisa, ndani ya kitambaa, kuna legetiet ya mama yangu, ule mkanda wa ngozi ulioshonwa kauri na shanga. Usiufungue bila mimi kuwapo. Najua kauri zinatafutwa sana sasa, na najua wapo wanaokata mikanda kama hii wakauza kauri moja moja. Mwanamke alifungwa mkanda huo kwa sababu ya uzazi, na maneno yaliyosemwa juu yake yalikuwa mazito. Haukatwi, mjukuu wangu. Shanga za sotet, kile kibuyu cha maziwa, ni vivyo hivyo maadamu kibuyu kinatiwa mursik, maziwa yetu ya mgando. Kikipasuka, njoo tuzungumze.

Vifungo vya mitumba ni vyako, kata utakavyo. Hata hivyo vijue kwa asili yake, maana mnunuzi atakuuliza. Kifungo cha gamba la chaza ukikiweka shavuni ni baridi, na hukawia kupata joto. Cha plastiki hupata joto mara moja. Cha pembe, kiguse kwa nyuma na ncha ya sindano iliyopashwa moto: kitanuka nywele zilizoungua. Shaba haishikwi na sumaku, lakini chuma kilichopakwa rangi ya shaba hushikwa. Ukishajua, sema kweli. Plastiki nzuri ina wanunuzi wake, na hakuna aibu kuiita plastiki. Kule Karen, Nairobi, watu wa karakana ya Kazuri walianza mwaka 1975 na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Mpaka leo wanaziuza kama udongo, na watu wanatoka mbali kuzinunua.

Kulabu za masikioni usinunue zile za bei ya chini kabisa. Nyingi zina nikeli, na sikio la mtu asiyeivumilia huwasha, huvimba, kisha hutoa maji. Mteja wa namna hiyo harudi, na jirani zake hawaji. Tafuta zisizo na nikeli, uongeze bei kidogo. Vitu vya metali vya zamani usivyojua vimetengenezwa na nini usimpe mtoto, kwa kuwa huenda vina risasi na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Jambo moja naliomba zaidi ya yote. Fungua daftari. Kila kitu utakachotoa kwangu uandike kilikuwa cha nani, kilitoka kwenye nguo gani, na nani alikupa ruhusa. Ukiuza, mwandikie mnunuzi kikaratasi chenye maneno hayo. Mimi nitakuwa sipo siku moja, na vifungo havisemi.

Daftari nitanunua mimi hapa sokoni. Wewe njoo na koleo lako, sindano nyembamba na ile nta unayopaka uzi, maana huku haipatikani. Tuma ujumbe siku utakayosafiri ili mjomba wako akungoje Kapsoit na pikipiki.

Wasalimie wenzako.

Ni mimi,
Kogo yako