Jumamosi Langoni

Mchana nilikuwa fundi umeme, Jumanne na Alhamisi jioni niko mazoezini, Jumamosi langoni. Ndivyo wanavyoishi wachezaji wengi wa madaraja ya chini Scotland hadi leo, kwa sababu mpira peke yake haulishi familia. Nilianza kudaka wakati kila mtoto mwenye glavu alitaka kuwa Jim Leighton, aliyekuwa langoni Aberdeen ilipoilaza Real Madrid 2-1 kule Gothenburg mwaka 1983 na kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya.

Uwanja ulionifunza kazi ni Gayfield wa Arbroath. Uko kando kabisa ya Bahari ya Kaskazini, na bahari ikichafuka, maji ya chumvi hurukia hadi ndani. Pale unapiga mpira wa goli, unapaa, unasita hewani, kisha unarudi kwako mwenyewe. Krosi ya kawaida hugeuka shuti. Nilijifunza kutokuwa na pupa: upepo umalize maamuzi yake kwanza, ndipo nitoke, huku nikipaza sauti, "Wangu!", mabeki wanipishe. Sauti hiyo si jambo dogo. Hatujamsahau kipa John Thomson wa Celtic, aliyejitupa miguuni mwa mshambuliaji wa Rangers pale Ibrox, Septemba 1931, akavunjika fuvu na kufariki jioni ileile. Alikuwa na miaka 22 tu.

Mwaka 1992 ikaja sheria ya kumkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Miaka yote tulikuwa tumefunzwa mikono! Kocha wa makipa hatukuwa naye, basi wenzangu wakienda kuoga mimi nilibaki nikipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto.

Kilichoniuma zaidi ni dhihaka ya watangazaji wa Uingereza kwamba Scotland haizai makipa. Leighton huyohuyo aliidakia nchi mechi 91. Na Novemba 2020, mjini Belgrade, kipa wetu David Marshall alipangua penalti ya Mitrović wa Serbia, timu yetu ya wanaume ikafuzu mashindano makubwa kwa mara ya kwanza tangu 1998. Nililia sana usiku ule.

Sasa nafundisha vijana, na somo la kwanza ni kukinga kichwa. Viongozi wa klabu ndogo, nawaomba: mkipata fedha ya kuongeza kocha mmoja, awe wa makipa.