Sifuri ya Kasisi Baraka

Wahenga walinena ati sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi, mpenzi msomaji, ulinikatia kwenye mchezo.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka wa 1974. Si kama ludo. Mmoja wenu ni mwamuzi, naye husimulia mapango na majoka. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, husema atakalofanya, na kete huamua kama amefaulu.

Mjomba alirudi na nakala mbili kutoka masomoni Marekani: sanduku jekundu la mwaka wa 1983, lililotayarishwa na Frank Mentzer kwa wanaoanza, na kitabu kinene cha Gygax cha mwaka wa 1979, cha waliobobea. Kete zilikuwa zimepotea zamani. Basi tuliandika nambari kwenye vipande vya karatasi, 1 hadi 20, tukavitia katika mkebe wa Kimbo. Msitucheke! Kete zilipoadimika huko kwao, sanduku la mwaka wa 1977 liliwahi kuuzwa likiwa na vipande vya nambari vya kukata.

Tulicheza watano, kila Ijumaa baada ya masomo, hadi mwalimu wa zamu atufukuze. Mimi ndimi mwamuzi. Mwenzangu wa dawati alikuwa Kasisi Baraka, na alikuwa amemlea tangu Januari nyuma ya daftari lake la Jiografia. Alama za uhai alizifuta na kuziandika upya mpaka karatasi ikatoboka.

Mwezi wa Julai Baraka alibaki peke yake darajani ili wenzake wakimbie. Alikuwa na alama nne. Jitu likampiga, nikavuta karatasi: nne. Sanduku jekundu halina huruma. Ukifika sifuri umekufa.

"Hata jeraha hawezi kufungwa?" akauliza.

"Kitabu ni kitabu," nikajibu, tena kwa sauti ya hakimu.

Alifunga daftari. Tangu Kidato cha Kwanza tulikuwa tukirudi nyumbani pamoja, lakini siku hiyo alipitia njia ya sokoni, na kesho yake vivyo hivyo.

Jumapili nilikuwa nikitafuta jambo jingine kabisa katika kile kitabu kinene. Nikakuta kwamba humo sifuri si kifo. Mtu huzirai, kisha hupoteza alama moja kila mzunguko hadi afike kumi chini ya sifuri, ndipo hufa. Mwenzake akimhudumia kabla ya hapo, anapona, ila lazima apumzike wiki nzima. Na wenzake Baraka walikuwa hatua chache tu ng'ambo ya daraja!

Nilikifunga kama mtu aliyeona nyoka. Nikajitetea: sisi si tunacheza la jekundu? Hata toleo la mwaka wa 1989 lilirudisha kifo kwenye sifuri, hizo kumi zikawa hiari ya mwamuzi. Hoja nzuri, sivyo? Taabu ni kwamba binamu yangu alikuwa mbilikimo mwizi. Katika sanduku jekundu mbilikimo ni mbilikimo tu, hana kazi nyingine ya kuchagua. Wizi wake nilimwazimia kutoka kitabu kile kile kinene, maanake alinibembeleza, na ni binamu. Kwake nilijua kufungua vitabu viwili.

Sikumwambia mtu. Ijumaa mbili tulicheza wanne, na hakuna aliyecheka sana.

Jumatatu iliyofuata nilikibeba kitabu shuleni. Kabla ya kipindi cha Hisabati nilikiweka juu ya dawati letu, kikiwa wazi kwenye ukurasa ule. Akausoma. Akausoma tena, kidole chini ya mstari.

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili."

Alinyamaza hata nikadhani atainuka akakae kwingine.

"Kwa hivyo amelala tu?"

"Lazima apumzike wiki nzima," nikasema.

"Si zimepita mbili," akasema, akatoa daftari la Jiografia.