Rangi ya Kwanza

Tangu tumzike mjomba, vijana wachoraji wa Morogoro Stores, kule Oysterbay, wananiuliza mimi yale waliyokuwa wakimwuliza yeye: ianze rangi ipi, ikauke vipi, na wazungu wanapenda nini. La tatu silijibu. Mawili ya kwanza nayajibu hapa, maana macho yamechoka na brashi nimeiweka chini.

Nilizaliwa Tunduru, kwa Wamakua. Kila baada ya mavuno bibi mzaa mama alikandika upya kuta za nyumba, kisha akazipamba kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya chungu. Hakugusa pambo kabla ukuta haujakauka; ukimharakisha, alikufukuza. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwake nilijifunza kushika kalamu ya mwanzi na kuandika alifu iliyonyooka. Mikono hiyo miwili, wa bibi na wa baba, ndiyo iliyonifanya mchoraji.

Mjomba alinipeleka Dar es Salaam nikiwa kijana. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora 1968 na kuuawa kwa risasi 1972, alitoka Tunduru hiyo hiyo, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ndugu na jamaa zake. Ndiyo maana nakasirika nikisikia kwamba sanaa hii ya Tingatinga ilibuniwa kuwafurahisha watalii. Wanunuzi wa kigeni walikuwepo tangu mwanzo, sikatai. Lakini mkono ulitoka nyumbani.

Tulichora kwenye ubao wa dari, futi mbili kwa mbili, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Mjomba alifungua kopo kwa bisibisi, akasema bismillahi, akakoroga mpaka mafuta yaliyoelea yakachanganyika na rangi iliyotuama. Alipaka rangi ya kwanza kwa mlalo, akarudia kwa wima, akauegemeza ubao uso ukielekea ukutani, vumbi lisiushike. Mpaka kesho. Asubuhi aligusa pembeni kwa mgongo wa kidole. Rangi ikinata hata kidogo, siku hiyo hatuchori. Tunakwenda kuteka maji.

Tajiri mmoja aliyenunua kwa jumla alitaka picha zitoke siku ile ile. Baadhi ya wenzetu walimtii, wakamcheka mjomba kwamba anafuga ubao. Mimi nasema hadi leo kwamba mjomba alikuwa sahihi. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya mbichi, ya juu hukauka mwanzo na kuifungia ya chini. Baadaye uso hujikunja, madoa tuliyoyapanga kwa subira yakavurugika. Picha zao zilirudishwa. Zake bado zimening'inia.

Baba alipopata habari kwamba nachora wanyama, alinitumia barua. Msimamo wake ulikuwa ule wa wanazuoni wengi: anayechora chenye roho ataambiwa Siku ya Kiyama akipe uhai. Ramadhani nzima sikupata usingizi. Nilimpelekea mjomba barua, naye hakunipa fatwa. Aliniambia nikae mbele ya kobe aliyekuwa akipita uani, nimtazame vizuri ndipo nimchore. Nikaona magamba makubwa 13 mgongoni, kila moja na mistari yake, na madogo yakiuzunguka ukingo. Nilipomaliza kumchora nilikuwa nimeshatosheka: kuchora kwangu ni kuikiri kazi ya Muumba, si kushindana naye. Siku hiyo nilijua kwamba hii ndiyo kazi niliyopewa. Baba hakubadili msimamo, nami sikuacha brashi. Tulikubaliana jambo moja: chumba cha kusalia kisitundikwe picha. Nimelishika hadi leo.

Vijana, siku hizi mna akriliki inayokauka kabla chai haijapoa. Itumieni, sina ugomvi na kopo. Ugomvi wangu ni na twiga yule yule chini ya Kilimanjaro ule ule, anayenakiliwa na mtu ambaye hajawahi kumtazama hata mbuzi wa jirani. Ushirika wetu wa 1990 tuliuanzisha ili jina na kazi vilindwe, na jina halilindwi kwa nakala. Kipaji ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Pakeni rangi ya kwanza, ngojeni ikauke, kisha choreni mlichokiona kwa macho yenu.