Hawa Wamekwenda Wapi?

Shangazi yangu hasomi makala za utafiti. Lakini Agosti 2025, amekaa barazani kwake nje kidogo ya mji wa Msambweni akimenya mihogo, aliniuliza swali lililonionyesha kwamba hata mimi sizisomi.

Alikuwa amesikia redioni habari ya dawa iliyojaribiwa huku kwetu Kwale. "Eti ukishaimeza, mbu akikuuma anakufa. Ni kweli?"

Mimi ni afisa wa kliniki. Zahanatini watu huniita daktari, nami nilishachoka kuwasahihisha. Muhtasari wa utafiti ule nilikuwa nimeusoma kwenye simu ndani ya matatu, kati ya Ukunda na Msambweni, bega langu limebanwa na gunia la mtu. Nikamjibu kama mjuzi: "Kweli, shangazi. Inaitwa ivermektini. Imepunguza malaria kwa asilimia 26."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea na mihogo yake.

Wiki tatu baadaye mjukuu wake wa miaka miwili aliletwa kwa bodaboda, mwili moto, hata kulia hawezi. Kipimo kikaonyesha malaria. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilipokwenda kumjulia hali nyumbani, niliiona neti yake uani, imefunika miche ya mchicha isiliwe na kuku. Shangazi hakuona ajabu yoyote.

"Si ulisema mbu wanakufa?"

Sikusema hivyo. Ila nilisema maneno machache mno, na hayo machache yalimtosha yeye kusikia hivyo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja, jirani yetu, aliyestaafu kazi ya maabara. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakija Msambweni kuchunguza kichocho, na mzee huyu miaka yake mingi imepita jicho likiwa kwenye darubini, akihesabu mayai kwenye mkojo wa watoto wa shule. Jina lake halimo kwenye makala yoyote ninayoijua. Lakini anazisoma, na anazisoma kwa penseli.

Nilimpelekea makala yenyewe nimeichapisha kwenye karatasi, ile iliyotoka Julai 2025 katika The New England Journal of Medicine. Akaupita muhtasari, akaenda moja kwa moja kwenye mbinu. "Huku mbele mtu anakwambia alichotaka ukijue," akasema. "Hapa anakwambia alichofanya."

Akaanza kuniuliza kama mwalimu wa madrasa. Walipewa nini? Nikasoma: mikrogramu 400 za ivermektini kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa mwezi, miezi mitatu. Wakalinganishwa na nani? Na waliopewa albendazoli, dawa ya minyoo. Waligawanywa vipi? Hawakugawanywa mtu mmoja mmoja. Yaligawanywa maeneo 84, yenye watu 28,932 waliofaa kushiriki. "Kwa nini maeneo?" Nikababaika. Akanisaidia: mbu akifa kwa damu yangu, anayenusurika ni jirani yangu. Dawa ya namna hiyo huwezi kuipima kwa kumpa huyu ukamnyima wa mlango wa pili.

"Sasa, malaria ilihesabiwa kwa nani?"

"Kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na tano."

"Na dawa, nani hakupewa?"

Wenye uzito chini ya kilo 15. Wajawazito. Nilipofika hapo nikanyamaza. Yule mjukuu wa shangazi ana kilo kumi na moja, nilimpima mwenyewe. Kwa uzito wake asingepewa dawa, na kwa umri wake asingehesabiwa. Mimi nilikuwa nimembebea asilimia 26 ambazo hazikuwa zake.

Mzee hakunionea huruma. "Hiyo 26 imetoka wapi? Fanya hesabu." Upande wa ivermektini, kila mtoto aliambukizwa wastani wa mara 2.20 kwa mwaka. Upande wa pili, mara 2.66. Nikagawanya kwa simu: 0.83. Yaani pungufu ya asilimia 17. Nikadhani nimewakamata. Akacheka. Waandishi hawakuficha kitu. Namba zote mbili wameziweka. Ila pande mbili hazifanani kwa kila jambo, basi hesabu hurekebishwa kwa tofauti hizo, na baada ya marekebisho uwiano ukawa 0.74. Pale pale pembeni wameandika mipaka yake: 0.58 hadi 0.95. Maana yake kupungua kwenyewe huenda kukawa asilimia 42, na huenda kukawa asilimia 5 tu.

"Umesoma namba ya katikati ukaacha ndugu zake wawili," akasema.

Na lile lililoniuma zaidi limeandikwa waziwazi: utafiti ulifanywa mahali ambapo neti zimeenea na watu wanazitumia. Dawa iliongezwa juu ya neti. Hakuna aliyeambiwa aitoe akafunikie mchicha.

Tulisoma hivyo kila Jumapili jioni kwa miezi kadhaa. Alinifundisha mambo ambayo kitabu changu cha chuo kiliyapita mbio. Mayai ya kichocho, kwa mfano, yale yenye mwiba mkiani, hutoka kwa wingi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kwa hiyo ukikuta makala inasema kichocho ni kidogo, tafuta kwanza mkojo ulichukuliwa saa ngapi. "Mkojo wa alfajiri unaweza kukudanganya bila mtu yeyote kusema uongo."

Nikapata hamu ya kuandika ya kwangu. Sikutaka makuu. Zahanatini tulikuwa na daftari la vipimo vya mkojo vya watoto wa shule za karibu, na vidimbwi wanavyoogelea navijua, nimeviogelea mwenyewe. Nikaomba kibali cha kamati ya maadili, nikasubiri, kikaja. Nikaanza kuandika usiku, baada ya zamu, kwa Kiingereza nilichokiona kwenye majarida. Kila kitu kilijifanya chenyewe. Sampuli zilikusanywa. Takwimu zilichambuliwa. Ukisoma ungedhani zahanati ile haina mtu ndani.

Nikampelekea mzee, moyo juu. Penseli yake ikatembea, ikasimama kwenye sentensi moja fupi niliyoipenda kwa unadhifu wake: waliochambuliwa ni wale tu waliokuwa na sampuli kamili.

"Na hawa wengine wamekwenda wapi?"

"Hawakuleta mkojo, mzee. Nimewatoa."

"Hilo umeshaandika. Nimeuliza wamekwenda wapi."

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye daftari. Mistari niliyoifuta nikairudisha mmoja mmoja, na hapo ndipo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote: wengi walikuwa wasichana, na wengi wao wale wakubwa.

Nikaenda shuleni pamoja na muuguzi mwenzangu, mwanamke, ambaye mama zao wanamjua. Tulikwenda kama watu wa tiba, makala niliiacha mezani. Yeye ndiye aliyezungumza nao; mimi nilikaa nje chini ya mwembe. Alitoka na habari rahisi kabisa. Siku ile ya kupima, wenye hedhi waliambiwa wakae kando, kwa sababu damu ingevuruga kipimo. Ni sahihi. Ila hakuna aliyewaambia warudi lini. Na wengine walijificha wenyewe. Mmoja alimwambia muuguzi kwamba yeye damu huiona hata zisipokuwa siku zake, na aliogopa kusema, kwa sababu nyumbani wangedhani ametembea na wanaume.

Huku kwetu mvulana akikojoa damu huambiwa anakua. Msichana huulizwa alikuwa wapi. Minyoo ni ile ile, lakini kwa msichana mayai yanaweza kukwama kwenye via vya uzazi, yakaacha madhara, hata utasa. Na mimi nilikuwa nimemfuta kwa kitufe kimoja ili jedwali lipendeze.

Walipimwa upya, saa za mchana, waliostahili wakapewa prazikwanteli. Yule mmoja tulimpeleka hospitali na mama yake, na muuguzi akamweleza mama yote njiani, taratibu.

Kisha nikaandika upya. Sentensi yangu nadhifu niliiondoa. Mahali pake nikaandika kwamba wasichana wengi kuliko wavulana hawakupimwa siku ya kwanza. Kwamba baadhi tuliwaweka kando sisi wenyewe na hatukuwaita tena. Na kwamba hesabu tuliyoipata ya wasichana huenda ni ndogo kuliko ukweli. Niliandika "sisi". Ilinichukua jioni nzima. Makala ilirudishwa na wahakiki mara moja ikiwa na maswali, nikayajibu, sasa nangoja tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi na ile karatasi ya ivermektini, imejaa alama za penseli. Nikamtafsiria polepole, nikianza na mbinu. Neti ilikuwa imerudi kitandani, imeshonwa mahali kuku walipoitoboa. Alisikiliza akimbembeleza mtoto.

"Rudia hapo kwenye kilo," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo huyu wangu hayumo."

"Hayumo, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa. "Sasa ndio umesema."