Ukurasa Usiokula Bando

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Bukene, wilaya ya Nzega. Mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa amebakiza miezi mitatu kufika mtihani wa Novemba. Yeye na wenzake sita walisoma jioni barazani kwetu kwa kitabu kimoja cha maswali ya Baiolojia, tena kilichochanika kurasa za jenetikia. Simu zilikuwa tatu, zote za wazazi.

Mimi nasomea ualimu, si kompyuta. HTML nimejifunzia hosteli kwa waifai ya chuo, na huko ndiko wengi wetu tunakookota tabia za kifahari: fonti inavutwa mtandaoni, Bootstrap inavutwa mtandaoni, picha moja MB 3. Ukifungua kazi ya namna hiyo Bukene, bando la mama wa watu linaisha kabla swali la kwanza halijaonekana. Babu zetu Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, lakini hiyo si sababu ya kumbebesha mtu mzigo wa fonti.

Basi nikaandika maswali yote kwenye Notepad, faili moja, index.html. Juu kabisa niliweka hii:

<html lang="sw">
<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Mstari wa charset ukikosekana, alama kama ½ na °C zinaweza kugeuka vidudu. Ukikosekana wa viewport, simu hujifanya kompyuta na herufi zinakuwa kama sisimizi. Fonti niliandika sans-serif tu, simu itumie iliyonayo. Michoro ya moyo na figo niliipunguza upana hadi pikseli 800 kabla ya kuiweka kwenye folda.

Kilichonifurahisha zaidi kama mwalimu mtarajiwa ni hiki:

<details><summary>What is osmosis?</summary>Maji kupita kwenye utando, kutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache.</details>

Jibu linajificha mpaka mtoto aguse swali, bila JavaScript yoyote. Anapata nafasi ya kujaribu kwanza. Swali nimeliacha kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, maelezo nikayaweka kwa Kiswahili kwa kuwa pale barazani ndicho tulichokuwa tukibishania.

Kuwafikishia sasa. Niliwasha hotspoti ya simu yangu, data nikazima, laptopu nikaiunganisha hapo. Kisha ndani ya folda ile ile nikaandika:

python -m http.server 8000

Windows ikiuliza kuhusu ulinzi wa mtandao, ruhusu. Andika ipconfig upate anwani, mara nyingi inaanza na 192.168. Wenye simu wanaingia kwenye hotspoti yako, wanaandika anwani hiyo kwenye kivinjari, nukta mbili, 8000. Nao wazime data, maana simu nyingine ikigundua waifai haina intaneti inarudi kimyakimya kwenye bando na ukurasa haufunguki.

Mama mmoja anayeuza mchele alimleta binti yake, akabaki amesimama nyuma yetu. Simu ile ndiyo wateja wanaipigia.

"Mwalimu, hii inakula bando?"

"Hapana mama, hata senti."

Hakuamini. Akaangalia salio, akaangalia tena baada ya nusu saa, halafu akakaa. Kesho yake aliiacha simu akaenda sokoni, na kwangu hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko alama yoyote ya chuo.

Watu huzicheka kurasa za matokeo za NECTA kwamba ni majedwali matupu. Mimi nazitetea. Siku ya matokeo nchi nzima inazifungua kwa pamoja, wengi kwa simu ndogo, na jedwali tupu ni jepesi kubeba. Siku hiyo mzazi hatafuti rangi.

Tatizo lilikuwa moja, na ndilo aliloliona yule binti kabla yangu: "Dada, ukirudi chuo si unaondoka na seva?" Kweli, laptopu ilikuwa inaondoka Jumatatu. Usiku ule nikahamisha CSS yote ndani ya <style> kwenye faili lenyewe, na michoro nikaichora upya kwa SVG humo humo, mistari tu na majina ya sehemu. Folda ikawa faili moja, KB 90. Halihitaji seva wala hotspoti. Linatumwa kwa Bluetooth, linafunguliwa na kivinjari cha simu kama picha inavyofunguliwa.

Nililituma kwenye simu zile tatu tu. Wiki ya pili ya muhula mdogo wangu akanipigia: kuna kijana Itobo analo, naye anauliza la Kemia linatoka lini.